Dreni Ikitoa Maji Meupe Baada ya Upasuaji wa Kongosho: Mgonjwa Afunge au Ale?

Siku za mwanzo baada ya upasuaji wa kongosho, mfuko wa dreni, yaani mpira unaotoa maji tumboni, kando ya kitanda hukusanya maji yenye wekundu wa damu, na kila siku yanazidi kupauka. Kisha mgonjwa anaruhusiwa uji, kesho yake supu, na maji yanageuka meupe. Ndugu aliyekuja na chupa ya chai anashtuka: "Sista, haya si yale maziwa aliyokunywa asubuhi?"

Yanafanana tu. Hii ni limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye mirija yake mbali na damu, iliyobeba mafuta ya chakula. Hapo ndipo madaktari wanapogawanyika. Wapo wanaotaka mgonjwa afungwe kula kabisa na kulishwa kwa mshipa, na wapo wanaotaka aendelee kula, ila mafuta yaondolewe kwenye sahani. Kwa Dodoma na mikoa jirani mimi naegemea upande wa pili, kwa masharti.

Mafuta mengi tunayokula hayaingii moja kwa moja kwenye damu. Hupita kwanza kwenye mirija ya limfu ya utumbo, hukusanyika kwenye kifuko kilicho mbele ya pingili za juu za kiuno, karibu kabisa na kichwa cha kongosho, ndipo hupanda kifuani na kuingia kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kwa siku inapita limfu ya lita 2 hadi 4. Daktari anayeondoa tezi za limfu ili kuifuata saratani anafanya kazi katikati ya mirija hiyo, na kwa kuwa mgonjwa hajala, limfu yake haina weupe. Mrija ukikatwa ni rahisi usionekane.

Weupe pekee hautoshi kuhukumu, maana usaha nao unaweza kudanganya macho. Mwaka 2017 kundi la kimataifa la wapasuaji wa kongosho liliweka kipimo: maji meupe kuanzia siku ya 3 baada ya upasuaji, yenye trigliseridi (aina kuu ya mafuta ya chakula) miligramu 110 au zaidi kwa desilita. Maabara inayopima mafuta ya damu inaweza kulifanya hilo, na ipime pamoja amilasi, kimeng'enya cha kongosho, isije ikawa juisi ya kongosho nayo inavuja.

Wanaotaka mgonjwa afunge wana hoja nzito. Kila lita inayotoka inaondoka na protini, mafuta na chembe nyeupe za kinga. Aliyefika upasuaji amekonda kwa saratani hana akiba ya kupoteza, na akichelewa kupona, dawa za saratani zinazopaswa kufuata nazo zinachelewa. Chakula chochote, hata kisicho na mafuta, huongeza mwendo wa limfu. Utumbo ukipumzishwa mtiririko unapungua na tundu linapata nafasi ya kuziba. Mafuta ya dripu hayana shida hiyo kwa sababu yanaingia kwenye damu bila kupita kwenye limfu.

Sasa tazama dripu yenyewe. Inahitaji mpira kwenye mshipa mkubwa, unaotunzwa kwa usafi wa hali ya juu, vipimo vya chumvi za damu mara kwa mara, na sukari inayofuatiliwa usiku na mchana kwa mtu ambaye kongosho lake limepunguzwa. Mpira ukiingiza vijidudu, umemwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili. Si kwamba ujuzi haupo: Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018. Lakini ndugu aliyetoka Manyoni au Kondoa anahesabu gharama kwa siku, na upo uvujaji wa ngazi ya chini kabisa, ile ambayo kundi la 2017 lenyewe linasema inahitaji kubana chakula tu.

Na kubana chakula huku kwetu si jambo la kutisha, japo tuko kwenye nchi ya alizeti na karanga. Hizo mbili ndizo za kuondoa mwanzo kabisa, pamoja na ngozi ya kuku, nyama yenye mafuta na maziwa yasiyoenguliwa. Mlenda uliochemshwa bila karanga unabaki. Samaki mweupe wa kuchemsha anabaki, na ute mweupe wa yai, na maharage yasiyoungwa. Hata ugali una la kusema: sembe, tunayoisema vibaya kila siku, hapa inaizidi dona na uwele, kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka wodini ambao siukubali: "mpe tui la nazi, mafuta yake hayapiti kwenye limfu." Mafuta yanayokwenda moja kwa moja kwenye ini ni yale ya mnyororo wa kati, yenye molekuli fupi kuliko za mafuta ya kawaida, na yanayouzwa kwa kazi hiyo huchujwa mahsusi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi lauriki, ambayo sehemu yake kubwa hupita njia ile ile ya limfu. Nazi ibaki Pwani kwa wiki hizo.

Masharti yangu ni haya. Maji yapimwe na kuandikwa kila siku, na uzito wa mgonjwa vilevile. Yakikaribia lita moja kwa siku, au yasipopungua ndani ya wiki moja hivi, ubishi uishe: afunge, alishwe kwa mshipa, apewe oktreotaidi, dawa ya kupunguza mtiririko huo, na rufaa ianze kuzungumzwa. Kung'ang'ania mlenda wakati albumini, protini kuu ya damu, inaporomoka ni ukaidi.

Upande wa kuzuia uvujaji usitokee niseme moja tu. Majaribio ya Italia mwaka 1998 na ya Marekani mwaka 2002 hayakuonyesha kwamba kupanua uondoaji wa tezi kunawaongezea maisha wagonjwa wa saratani ya kongosho kwa ujumla. Kuchimba zaidi ya kawaida kuwe na sababu.

Wanaofungisha kula wanakosea zaidi mwishoni. Mgonjwa asipokula, limfu inapoteza weupe, na mfuko unaonekana safi hata kama tundu bado liko wazi. Dreni inatolewa, anapanda basi la Mpwapwa, anakula pilau la kumpongeza, tumbo linajaa limfu. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa, apewe mlo wenye mafuta ya kawaida akiwa bado wodini, asubiriwe siku moja au mbili, na mfuko uangaliwe tena.