Fikra za Wahandisi wa Programu na Maji ya Lamu

Kazi yangu ni uhandisi wa programu za kompyuta, na naifanyia hapahapa Lamu. Watu wakishaijua kazi hii huniomba niwatengenezee programu ya simu itakayoondoa tatizo fulani la mji. Ombi hilo hutolewa kwa nia njema, lakini naamini linatafuta faida ya taaluma yetu mahali pasipo penyewe. Kilicho bora zaidi katika kazi hii ni namna ya kutafuta chanzo cha kosa ndani ya kitu chenye sehemu nyingi zinazotegemeana, na sioni jambo Lamu linaloihitaji namna hiyo kuliko maji tunayokunywa.

Kuna nyumba moja ya mtaa wa Langoni ambayo bomba lake lilianza kutoa maji ya chumvi. Barazani kila mtu alikuwa na sababu yake: huyu alisema tangi limechakaa, yule akalaumu kisima kipya cha jirani, mwingine akasema masika yamekuwa haba. Maji ya nyumba ile hutoka kisimani, hupandishwa kwa pampu hadi kwenye tangi la juu, kisha hushuka kwa mabomba hadi jikoni. Sisi wa programu tumezoea kuikata njia ya namna hii katikati na kuuliza kosa liko upande gani. Njia hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwa sababu programu iliyofanyiwa mabadiliko 1,000 tangu ilipokuwa nzima huweza kuchunguzwa nusu kwa nusu hadi badiliko lililoiharibu likapatikana kwa majaribio yapatayo 10 tu. Basi tulianza kuonja tangini, na maji yalikuwa na chumvi, kwa hivyo mabomba yote ya chini yakaondoka katika lawama bila ukuta kuvunjwa. Tukaenda kisimani, na huko maji yalikuwa matamu.

Mwenye nyumba alikuwa tayari kulitupa tangi lake. Bibi mmoja wa nyumba ya pili ndiye aliyeuliza yale maji ya tangini yalipandishwa saa ngapi, na ikabainika kwamba yalivutwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupanda na kushuka kuliko kawaida, bahari imejaa, ilhali sisi tulionja kisimani maji yamekupwa. Tulirudi bahari ilipojaa, tukachota kisima kilekile, na chumvi ikaonekana. Katika kazi yetu makosa yanayokuja na kupotea ndiyo magumu kuliko yote, na dawa yake ni kuandika hali zote zilizokuwapo kosa lilipotokea, hata zile zinazoonekana hazihusiki. Bibi yule hakuhitaji kufundishwa hilo. Amekulia pwani na anajua maji hufuata mwezi, na mhandisi asiyeuliza watu wa namna yake atatumia muda mrefu kutafuta kinachojulikana tayari.

Hata hivyo, kisima cha nyumba moja ni jambo jepesi ukilinganisha na hazina ya maji ya ardhini ya Shela, kijiji jirani, ambayo mji mzima huitegemea. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga wa Shela hupenya chini na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo ardhini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hukaa kama jahazi lenye shehena, sehemu ndogo ikiwa juu na kubwa ikiwa imezama. Kanuni ya makadirio iliyojulikana tangu mwisho wa karne ya 19 husema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukivuta maji hadi uso wake ushuke kwa sentimita 10 na ubaki hapo, mpaka wa chumvi huko chini utaelekea kupanda kwa takriban mita 4. Anayechungulia kisimani huona upungufu mdogo tu, na hapo ndipo akili ya kawaida inapotudanganya.

Kwa sababu hiyo nahofia sana suluhisho lililofaulu bara likiletwa kisiwani bila kuulizwa lilitegemea nini. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia kabla ya dakika moja kutimia tangu iliporuka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila taabu, lakini roketi mpya ilikwenda kwa namna iliyozaa namba kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kuihifadhi. Kifaa cha akiba nacho kilishindwa vilevile, kwa kuwa kilibeba programu ileile. Nikisikia kwamba usalama wetu wa maji ni kuchimba kisima cha pili karibu na cha kwanza, naikumbuka akiba ile, maana visima viwili vinavyonyonya hazina moja vitaharibika pamoja.

Lipo pia ambalo taaluma yetu haifai kulileta huku. Sisi hujaribu upesi na kukosea upesi, kwa sababu kila badiliko limehifadhiwa na tunaweza kurudi tulikotoka kwa dakika chache. Mchanga ulioingiwa na chumvi haurudishwi hivyo. Husubiri mvua za miaka. Uhodari wa kurekebisha haraka unageuka hatari pale ambapo hakuna kurudi, na ningependa vijana wenzangu wa kompyuta wautambue mpaka huo kabla ya kuingia kwenye mikutano ya miradi.

Ndani ya mabirika ya zamani ya kuhifadhia maji katika nyumba za Lamu walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mgeni msafi angeweza kuwatoa akidhani ni uchafu, na mbu wangejaa. Programu za zamani zina mistari mingi ya maagizo ya aina hiyo, inayoonekana haina kazi, na tumefunzwa tusifute tusichokielewa.

Kwa Shela ningeomba mambo ambayo hayahitaji simu wala fedha nyingi. Visima vilevile vipimwe chumvi kila mwezi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, na vipimo viwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuvisoma. Pampu zisiongezwe mbili kwa pamoja, kwa sababu chumvi ikizidi hatutajua ni ipi iliyoileta. Na kabla ya pampu yoyote mpya kuwashwa, wenye mradi na wenye mji wakubaliane kwa maandishi ni kiwango gani cha chumvi kitakachofanya izimwe, na ni nani mwenye mamlaka ya kuizima siku hiyo.