Jiko la Frankfurt lilimkomboa nani hasa?

Kuna mwandishi kasema jiko la Frankfurt, yani kile chumba cha kupikia kilichobuniwa 1926 huko Frankfurt, Ujerumani, lilimkomboa mwanamke, mi hapo nakataa kabisa. Sikatai kuwa Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo aliyelibuni, alikuwa na nia njema na kichwa chake kilikuwa kinachaji, alihesabu hatua na muda ili mama asizunguke bure, akaweka vidroo vya alumini vyenye mkono kama jagi, unachomoa mchele unamimina moja kwa moja, maganda ya viazi unayasukumia kwenye droo hapo hapo chini ya ubao, kiti cha kuzunguka pembeni, yani safi sana. Yakajengwa kama elfu 10 kwenye nyumba za wafanyakazi. Lakini jamani angalieni vipimo, mita 1.9 kwa 3.4! Humo anaenea mtu mmoja tu na wote tunajua alikuwa nani. Kabla ya hapo familia nyingi za wafanyakazi zilipika na kula chumba kimoja, watoto wapo, baba yupo. Sasa baba akitaka kuosha vyombo atasimama wapi?

Nyumba niliyopanga Sinza jiko lake lilikuwa hivyo hivyo, mlango mmoja, kidirisha kinaangalia ukuta wa jirani. Siku ya wageni wife yuko humo na jasho, sisi sebuleni tunacheka, halafu anachungulia mlangoni anauliza "mnacheka nini?" na nikishamsimulia inakuwa haichekeshi tena. Iliniuma sana nilipokuja kuelewa.