Grini iliyo juu: kanuni ya futi 3 kwa yadi 1 haitoshi

Ukiuliza wachezaji wa gofu ya mtandaoni wanafanyaje grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) ikiwa juu, wengi watakujibu kwa kanuni moja: kila futi 3 za kupanda, ongeza yadi 1. Kanuni yenyewe si ya uongo, ila inatoa jibu sahihi pale tu mpira unaposhuka kwa pembe ya nyuzi 45. Pembe ikibadilika hesabu haikai, na hapo ndipo watu huanza kudai kwamba mchezo umewadhulumu.

Kinachotokea ni kwamba grini iliyoinuka humkatiza mpira njia kabla haujamaliza kushuka. Mpira unaoanguka karibu wima hupoteza umbali kidogo, na ule unaokuja umelala hupoteza mwingi. Chukua futi 10 za kupanda. Weji (fimbo ya mashuti mafupi ya juu) inayoshuka kwa nyuzi 50 itapungukiwa na yadi 3 kasoro kidogo, ayani (fimbo ya chuma) ya kati kwenye nyuzi 45 yadi 3 na theluthi, na ayani ndefu inayoshuka kwa nyuzi 38 yadi 4 na kitu. Shuti la chini linaloshuka kwa nyuzi 30 hupoteza karibu yadi 6, yaani maradufu ya weji!

Tuseme skrini inaonyesha yadi 148 hadi kwenye bendera ya shimo, futi 30 juu. Ayani 9 yako inakwenda 145, ayani 8 inakwenda 157. Kwa shuti la kawaida, mlima unadai yadi 9 au 10, kwa hiyo ayani 8 kwa nguvu zote inatosha. Anayeamua kupiga la chini ili kuukwepa upepo lazima aongeze 17 na apigie yadi 165. Asipoongeza, mpira utajikita kwenye ukingo wa mlima au uzame kwenye bunka (shimo la mchanga).

Upepo uhesabu kwanza, mlima baadaye. Upepo wa mbele huufanya mpira ushuke wima zaidi, kwa hiyo mlima hula kidogo. Ule wa nyuma huulaza, na mlima hula zaidi. Angalia pia kama mchezo wako tayari umejumlisha mwinuko kwenye umbali unaouonyesha. Ukiongeza tena juu ya hapo, utaipita grini nzima.

Jambo lingine ni kwamba futi zinazoonyeshwa kwa kawaida ni za bendera, si za mahali mpira utakapotua. Grini ikiwa imeinamia kwako, sehemu ya mbele iko chini kuliko shimo. Mchezo ukikuruhusu kusogeza alama ya shabaha, isogeze hadi ukingo wa mbele, usome umbali wa hapo, kisha uchague fimbo itakayouvuka hata shuti likiwa dhaifu kidogo. Kumbuka pia kwamba mpira uliokatizwa njiani hutua ukiwa umelala kuliko kawaida, kwa hiyo utabiringika zaidi ya ulivyozoea kwenye uwanja tambarare.

Mfano mzuri ni shimo la 9 la Augusta National, uwanja wa gofu wa Marekani, ambalo lipo kwenye mchezo wa video wa EA Sports PGA Tour. Grini yake iko juu na mbele imeinama vibaya. Mpira ukitua hapo hurudi chini kwenye fewei (njia ya nyasi inayoelekea grini). Mwaka 1996, raundi ya mwisho ya Masters, mashindano yanayochezwa uwanjani hapo, mchezaji Greg Norman alipiga weji, mpira ukagusa grini hiyo kisha ukarudi nyuma hadi chini ya mteremko. Kwa hiyo bendera ikiwa mbele, usiguse kabisa kitufe cha mzunguko wa nyuma, unaoufanya mpira urudi ukishatua. Chukua fimbo moja zaidi, tua nyuma ya bendera, ukubali pati (pigo la kubiringisha mpira kwenye grini) ya kuteremka. Ni pati ya kutisha, lakini bado una nafasi ya kupata pa, yaani kumaliza shimo kwa idadi ya mapigo iliyowekwa. Ukirudi kwenye fewei itabidi upige tena shuti lilelile la kupanda.