Kompyuta Husingiziwa Kifo

Hapa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, kompyuta haina haki ya kuugua. Ikikataa kuwaka asubuhi moja tu, watu huitangazia mauti papo hapo, na kila mmoja, akiwemo jirani ambaye mtambo wake wa pekee ni tochi, hutamka kwa uhakika wa kadhi kwamba madabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, imeungua. Mimi nimechoka na hukumu hizi. Kompyuta yetu ya mezani tuliinunua ikiwa imeshatumika, imeshazikwa kwa midomo ya watu kila msimu wa kusi na kaskazi, na bado inafanya kazi.

Siku stima iliporudi baada ya kukatika usiku kucha, kompyuta haikutoa hata mwanga. Shemeji yangu, ambaye huja kwetu kwa ajili ya chai na hubaki kwa ajili ya kutoa ushauri, aliniambia nianze kutafuta pesa za kununua nyingine. Nilimwomba kwanza anisaidie kuichomoa kwenye ekstensheni iliyobebeshwa friji, pasi, televisheni na chaja za nyumba nzima, ili tuichomeke moja kwa moja ukutani. Kimya. Basi nikaifungua plagi, kwa sababu ndani ya plagi hizi za miguu mitatu tulizorithi kwa Waingereza mna fyuzi ndogo, nayo ilikuwa imekatika. Nilipoweka nyingine ya kiwango kilekile, taa iliwaka, na shemeji akasema kwamba hata yeye alikuwa akishuku fyuzi.

Skrini nayo ina kesi yake. Feni inavuma, taa ya sanduku inawaka, lakini skrini ni nyeusi na kitaa chake kimegeuka rangi ya chungwa. Hapo mara nyingi skrini ina umeme ila haipokei picha, na waya uliolegea nyuma ya sanduku ndio wa kushukiwa kwanza. Sitamtaja anayefagia chini ya meza na kuulegeza waya huo, kwa kuwa ndiye pia anayepika.

Kisha kuna milio. Waliotengeneza mitambo hii walijua kwamba kompyuta isiyo na picha haiwezi kuandika malalamiko yake, kwa hiyo nyingi wakazipa spika ndogo ya kulilia, ingawa idadi na urefu wa milio hutegemea kampuni iliyotengeneza bayosi, ile programu ya kuiamsha kompyuta. Yetu ikilia, nyumbani huniuliza nani anapiga honi, ilhali mara nyingi inalalamikia ramu, kumbukumbu yake ya muda. Hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu, ambayo imeshakula bawaba za milango yetu, haiachi kutia utando kwenye meno ya kadi za ramu. Mimi huzima, huchomoa waya ukutani, hubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe, hugusa chuma cha sanduku, kisha huitoa kadi na kuyasugua meno yake taratibu kwa raba ya penseli, huifuta, na kuirudisha mpaka vishikizo vibane. Raba ni ya mwanangu, ambaye sasa ananitoza kodi. Shemeji alipoona mafanikio hayo alileta bisibisi akitaka kukifungua na kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta, nami nikamnyang'anya, kwani kapasita za humo, vile vipande vya kuweka akiba ya umeme, huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Mwezi mwingine kompyuta iliwaka ikiamini kwamba tuko mwaka 2010, na kwa kuzikumbuka bei za wakati ule nilitamani kuhamia huko. Tovuti zikakataa kufunguka kwa usalama, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa tarehe hiyo, vilikuwa havijaanza hata kutumika. Shemeji alisema ni virusi. Ilikuwa betri ya CR2032, ile ya duara yenye volti 3, ambayo huitunza saa wakati mtambo umezimwa.

Kinachoniudhi kupita yote ni kwamba juzi diski imeanza kugonga ndani, ta, ta, ta, na Windows inachukua muda wa kupika biriani kabla ya kufunguka. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga hivyo, huenda ikafa wakati wowote, na humo mna picha zote za harusi yetu. Nikaomba pesa za diski ya nje ili ninakili kila kitu leo hii. Watu walewale waliokwisha kuizika kompyuta kwa sababu ya fyuzi walisikiliza, wakatazamana, wakasema hiyo ni sauti ya feni tu, na pesa zikaenda kununua mapazia ya Idi.