Kisu Kiunoni, Jibu Mdomoni

Mwaka juzi mtoto wa mama yangu mdogo alilala mahabusu kwa sababu ya kisu cha kupasulia samaki. Alikuwa anatoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, saa mbili usiku, baada ya kutwa nzima ya kupasua sangara na kutoa mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki. Kisu chenyewe ni kirefu, hakikunjwi, mpini kauzungushia mpira wa baiskeli ili usiteleze mkono ukijaa mafuta. Alikuwa amekizungushia gazeti na kukichomeka kiunoni, ndani ya shati. Askari wa doria wakamsimamisha, wakampapasa.

“Hiki cha nini, kijana?”

“Najilinda, afande. Njia ya kwetu mbaya.”

Jibu hilo ndilo lililomlaza ndani. Asubuhi mama mdogo alikwenda kituoni pamoja na tajiri wa samaki anayemwajiri kijana, wakaeleza kazi yake, akaachiwa. Kisu hakikurudi, wala hakupewa karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba kimechukuliwa.

Nimelifikiria sana jibu lile. Kijana alikuwa na sababu halali kabisa, nguo zake zinanuka samaki, magamba yako kwenye viatu, na bado alichagua kusema kitu kingine kwa kuwa alidhani kujilinda ni haki isiyohojiwa. Kisu cha kazi kilipata jina la silaha pale pale barabarani, na aliyekipa jina hilo ni yeye mwenyewe.

Baadaye nilitafuta Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, nikaisoma jioni kadhaa. Nilitarajia kukuta urefu wa kisu umeandikwa, inchi au sentimita. Wenzetu wanao. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, kisu kidogo cha kukunja kisichozidi inchi 3 unaweza kutembea nacho, lakini kisu kisichokunjwa lazima uwe na sababu ya msingi ya kuwa nacho hadharani. Texas, tangu Septemba 2017, mtu mzima anaruhusiwa kubeba hata kisu kinachozidi inchi 5.5, isipokuwa katika maeneo yaliyotajwa, kama shuleni. Na California wana jambo lililonishangaza: kisu cha namna ya jambia ukikificha ni kosa, lakini ukikining'iniza kiunoni ndani ya ala, kila mtu akakiona, hakihesabiwi kuwa kimefichwa.

Hapo ndipo penye hatari kwa vijana wetu. Wanatazama video za Marekani kwenye simu, wanaona mtu kavaa kisu cha porini kwenye mkanda anaingia dukani kununua soda, kisha wanaambiana vijiweni kwamba kisu kikiwa wazi huna kosa, kosa ni kuficha. Nimeisikia kauli hiyo Igoma, nimeisikia Buhongwa. Kwetu siyo sheria, na katika mazingira fulani ukweli uko upande wa pili kabisa.

Kifungu cha 84 cha Kanuni yetu, katika toleo hilo la 2022, kinamhusu mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna inayomtia mtu mwingine hofu kubwa. Kisome taratibu. Hakisemi kisu kirefu au kifupi, cha kukunja au kisichokunjwa. Kinatazama mambo mawili: una sababu gani, na namna ulivyokibeba imewafanya nini waliokuona. Kwa hiyo kisu kilichoning'inia wazi kiunoni mwa kijana anayepita katikati ya watu stendi ya Nyegezi, hana ndoo, hana aproni, hana kazi ya kuonyesha, kinaweza kumtia hatiani kwa sababu hiyo hiyo ya kuonekana. Ni kosa dogo kwa lugha ya kisheria, lakini makosa ya namna hii ambayo hayakutajiwa adhabu yake yanaweza kufika kifungo cha miaka 2, au faini, au vyote pamoja, na silaha ikataifishwa. Kuficha nako hakukuokoi. Kipo kifungu kingine kwa anayekutwa na silaha ya hatari akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa, na nia ya mtu hupimwa kwa saa, mahali, na majibu anayotoa.

Na kisu kikiwa mfukoni siku mtu anapoiba huku akimpiga au kumtisha mwingine ili apate mali au abaki nayo, hatuzungumzii tena wizi wa kawaida. Kifungu cha 287A cha toleo hilo, unyang'anyi wa kutumia silaha, ni jela isiyopungua miaka 30. Kila mzazi wa mtoto wa kiume katika jiji hili alijue hilo.

Mimi naiona busara katika sheria isiyopima inchi. Mwanza ingefanyaje kazi vinginevyo? Mpasuaji wa sangara anahitaji kisu kirefu, muuza mananasi anahitaji kisu, mchoma nyama anahitaji kisu, wavuvi wanaokwenda visiwani wanakaa nacho mtumbwini kukatia kamba na nyavu. Wapo walinzi wa Kimasai wanaotembea na sime kwenye ala nyekundu, mchana kweupe, na mtaa mzima unawasalimia. Sijawahi kuona mtu akiwaogopa, kwa kuwa kila mtu anajua sime ile ni ya nini na mwenye nayo analinda geti la nani. Ila nasikitika ninapoona heshima hiyo haimfikii kijana wa Mwaloni. Anapaswa kuulizwa swali lile lile kwa sauti ile ile, na akisema anafanya kazi mahali fulani, simu moja kwa tajiri wake inatosha kabla ya kumlaza sakafuni. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inadai stakabadhi pale vitu vinapochukuliwa katika upekuzi wa nyumba. Sioni kwa nini mpasuaji samaki asipewe yake barabarani. Kisu kile ndicho kilikuwa jembe lake.

Kuna mpaka mmoja ambao watu wa Mwanza wanauvuka bila kujua. Kisiwa cha Saanane, kile unachokiona ukiwa Capri Point, tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Ukipanda boti kwenda kupiga picha na pundamilia, umeingia chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na humo kukutwa na silaha bila kibali, ukashindwa kumridhisha ofisa kwamba si ya kuwindia wala kudhuru wanyama, ni kosa linalojitegemea, umemtisha mtu au hukumtisha. Ndivyo ilivyo pia ukipita Lamadi na kuingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Hukumu za mahakama za kanda hii zimejaa watu waliokutwa hifadhini na kisu kimoja na panga moja. Kisu cha kumenyea matunda kiache nyumbani siku hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na nilifurahi sana. Lakini nakala niliyoisoma ilikuwa ya Kiingereza, na niliifikia kwa sababu nimesoma. Mama mdogo wangu, aliyepasua samaki miaka 20, angeipata wapi? Kifungu cha 84 hakifiki hata mistari mitano. Kingebandikwa kwa Kiswahili kwenye kila soko la samaki kuanzia Mwaloni hadi Nansio, kazi ya siku moja.

Sikusubiri. Nilikiandika kwa mkono, kwa maneno yetu, nikampelekea. Alitaka nimsomee mara mbili mbele ya wenzake, akiwa amekalia ndoo.

“Kwa hiyo mwanangu angesema tu anapasua samaki?”

“Ndiyo, mama. Na kisu kingekuwa kwenye ndoo, pamoja na aproni.”

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana. Wiki iliyofuata fundi viatu alimshonea ala ya ngozi, na kisu kipya sasa hulala ndani ya ndoo, chini ya aproni yenye damu ya samaki, anaporudi nyumbani usiku.