Pesa Yako Ililala Wapi?

Pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hakuna anayekuuliza una shilingi ngapi. Unashuka matatu, unaonyesha kitambulisho, maana tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho tu, na mtu pekee anayetaka kujua hali ya mfuko wako ni kijana wa kubadilisha pesa. Naye anauliza kwa mapenzi. Unavuka, unakula rolex yako ya chapati na mayai, jioni uko Kisumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wazungu methali hiyo waliisikia nusu. Kwao ni mgeni njoo, ila kwanza toa ushahidi kwamba hutagusa sufuria ya mtu. Sheria yao ya mipaka ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ile ya 2016, kifungu cha 6, inataka mgeni awe na pesa za kutosha kujikimu siku zote atakazokaa, na nyingine za kumrudisha kwao. Kutosha ni ngapi? Ah, hapo ndugu yangu kila nchi ina bei yake, kama nyanya za Kibuye: ukisogea meza tatu, bei imebadilika.

Mjerumani anakadiria yuro 45 kwa siku. Mfaransa ana bei tatu kwa mgeni yule yule: 120 kwa siku kama huna hoteli uliyolipia, 65 kama unayo, na 32.50 kama kuna mwenyeji aliyekuandikia karatasi ya manispaa. Mhispania yeye ameifunga bei kwenye mshahara wa chini wa nchi yake, asilimia 10 kwa siku, na huwezi kuonyesha chini ya asilimia 90 hata ukienda siku 2 kuangalia mpira. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa yuro 118.40 kwa siku, na sakafu yake 1,065.60. Tuseme yuro ni shilingi 150, maana 150 inakaa vizuri kichwani: karibu shilingi 160,000 za kuangalia mechi moja. Jameni, si heri kukaa Kondele na kulipa soda.

Lakini anayenimaliza mbavu ni Mwitaliano. Jedwali lake ni la tarehe 1 Machi 2000 na bado linatumika. Ukienda peke yako siku 1 hadi 5, onyesha yuro 269.60 kwa jumla, iwe siku moja iwe tano. Ukienda siku 6 hadi 10, ni 44.93 kwa siku. Sasa chukua kalamu. Siku 6 mara 44.93 ni 269.58. Yaani anayekaa siku sita anadaiwa senti mbili pungufu ya yule anayelala usiku mmoja akaondoka! Sababu yake si siri: hesabu ilipangwa kwa lira, 87,000 kwa siku mara sita, ikawa 522,000, kisha lira ikageuzwa yuro, na kwenye kugeuza zile senti zikadondoka. Hakuna aliyeinama kuziokota. Halafu watu hao hao wanakuuliza wewe mbona stetimenti yako haieleweki.

Haya, tuje kwa hiyo stetimenti, maana mwiba uko huko.

Watu wengi wanaoomba viza hudhani ubalozi unataka kujua una pesa ngapi. La. Unataka kujua pesa yako ililala wapi. Wanakuomba stetimenti ya benki ya miezi 3, wengine 6, yenye mhuri, na afisa akiishika haendi mwisho kutafuta salio. Anaanza juu. Anatafuta kinachoingia kila mwezi, kama kinalingana na karatasi ya mshahara. Kisha anaangalia kinachobaki baada ya wiki mbili. Salio la mwisho analitazama kama jirani anavyotazama suti mpya ya mtu anayedaiwa kodi.

Na pesa zetu hazilali, hapo ndipo shida ilipo. Mshahara unaingia tarehe 28 saa nne asubuhi, saa nne na nusu umeshahamia kwenye simu, na kuanzia hapo unatembea kwa miguu. Ukiitisha stetimenti ya M-Pesa kwa *334# inakuja faili iliyofungwa kwa nambari ya siri, na kosa la kwanza la watu ni kuipeleka ikiwa bado imefungwa. Ifungue, ichapishe. Ukiipeleka kwa saiba pale stendi inatoka kurasa hamsini, wino umefifia kama chai ya mwisho wa mwezi, na humo ndani maisha yako yote yamewekwa uchi. Shilingi 30, mandazi. Shilingi 50, boda. Shilingi 20, mama mboga. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha. Shilingi 100 kampuni ya kamari. Fuliza. Shilingi 40, dagaa, ambaye sisi tunamwita omena. Kurudisha Fuliza. Fuliza tena. Afisa aliyelelewa Lyon anasoma neno Fuliza mara 61 anafikiri ni jina la mke wako.

Kwa hiyo stetimenti ya simu iwe msindikizaji, isiwe bwana harusi. Kwanza simu yenyewe haibebi zaidi ya shilingi 500,000. Pili, inaonyesha vizuri sana pesa inavyotoka na vibaya sana inavyokaa. Kama una biashara, peleka mauzo benki kila jioni au kila Jumatatu, hata kama ni 4,000, kabla hujaanza kuyala. Miezi sita ya vijisenti vinavyoingia kwa mpangilio, pamoja na leseni ya kaunti na cheti cha kodi, humtuliza afisa kuliko laki nne zilizoanguka kutoka mbinguni.

Maana hizo laki nne nazo tunazijua. Akaunti imekaa na 2,300 tangu Krismasi. Siku tatu kabla ya miadi, binamu anaweka 400,000 “zipige picha kidogo”, na siku ya nne anazitoa. Mbinu hii ni ya zamani kuliko daraja la Yala. Kila karani wa ubalozi anaijua, na stetimenti inaandika tarehe, haina aibu. Kama pesa kubwa iliingia kihalali, ifuatishe na karatasi yake: umeuza ploti Mamboleo, weka mkataba, umelipwa kiinua mgongo, weka barua. Na tarakimu zifanane! Mkataba ukisema 650,000 na benki ikaonyesha 400,000, hutaulizwa habari za 400,000. Utaulizwa zile 250,000 zilikwenda wapi, na jibu kwamba ziligawanywa na wajomba chini ya mwembe halina mhuri.

Na ole wako kama wewe ndiye mweka hazina wa matanga. Omera, hapo umekwisha. Kwa siku tano watu 140 wanakutumia 200, 500, elfu moja. Ijumaa una 86,400. Jumamosi alfajiri zinatoka za jeneza, tenti, ng'ombe na spika. Jumatatu salio ni 312. Kwetu hiyo ni heshima, mtu amezikwa vizuri. Kwa mtu ambaye hajawahi kukalia kiti cha plastiki kwenye kamati ya mazishi, ni bomba la kusafishia pesa chafu. Unapanga safari? Kabidhi mtu mwingine kazi hiyo mapema, au kamati ifungue akaunti yake yenye watia sahihi watatu. Chama cha kuweka akiba vilevile. Pesa za watu zikipita kwako zinakuacha na alama tu, kama tope la Nyalenda kwenye suruali nyeupe.

Kuna na wale wa hati ya shamba. Wanabeba hati miliki, picha ya ng'ombe, kadi ya gari. Sikatai, bebeni. Ila jueni kazi yake: hati ya shamba inasaidia kuonyesha kwamba una cha kurudia nyumbani. Shamba la Bondo halinunui kahawa Paris. Akiba ya sacco pia ina pande mbili. Ile inayoshikilia mikopo huitoi ukitaka, mpaka ujiondoe uanachama, kwa hiyo afisa makini haihesabu kama pesa ya safari. Ile ya akaunti ya kawaida ya dirishani, ambayo unaingia na kutoka nayo, hiyo ndiyo pesa. Omba barua inayotenganisha hizo mbili, sio moja inayozichanganya kama githeri.

Akaunti ya kampuni si yako, hata kama kampuni ni wewe na kompyuta moja. Andika barua ya kampuni kueleza. Akaunti ya watu wawili inataka barua ya yule mwenzako. Majina ya benki yakipishana na ya pasipoti, rekebisha benki kwanza. Mhuri uwe kila ukurasa, na uulize bei, maana kuna benki hutoza kwa ukurasa kama vile karatasi wanailima wenyewe.

“Lakini mimi nina mjomba Ujerumani, atanilipia.” Sawa. Mjomba akisema kwa WhatsApp haitoshi. Anatakiwa aende ofisi ya wageni ya mji wake na karatasi zake za mshahara, alipe yuro 29, na atie sahihi hati rasmi kwamba gharama zako ni zake: chakula, matibabu, hata gharama za kukurudisha kwa nguvu ukigoma kurudi. Halafu karatasi yenyewe, sio picha yake, isafirishwe hadi kwako. Ndipo utajua mjomba anakupenda kiasi gani. Ufaransa mwenyeji anakwenda manispaa, analipa yuro 30, na anaulizwa kama nyumba yake ina nafasi ya kukulaza. Hebu mtu amuulize shangazi wa Kakamega swali hilo mwezi wa Desemba, watu kumi na wanane sebuleni.

Wanafunzi ndio wanaoteseka zaidi, na masharti yao si ya mchezo. Uingereza inataka pesa ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na stetimenti iishie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Hata siku moja! Ukitoa elfu mbili za dharura siku ya 19, ukazirudisha kesho yake, umeanza upya kuhesabu moja. Kwa hiyo weka juu ya kiwango kidogo, maana pauni hupanda huku shilingi yako ikiwa imelala. Kanada tangu Septemba 2025 inataka mwanafunzi mmoja aonyeshe dola zao 22,895 za kuishi mwaka, nje ya karo na nauli. Hiyo ni zaidi ya milioni mbili zetu. Harambee ya kanisa haifiki huko kwa Jumapili moja.

Na hesabu ya familia msiisahau. Wanazidisha vichwa kwa siku kwa bei. Baba, mama na watoto watatu, siku 10 Ufaransa wakiwa na hoteli: 65 mara 10 mara 5, yuro 3,250, karibu shilingi 487,500 za kuonyesha tu, kabla ya nauli, na kabla ya bima ya kila mmoja isiyopungua yuro 30,000. Huyo wa miaka saba anayekula nusu chapati naye anahesabiwa kichwa.

Baada ya hapo unapanda basi la usiku kwenda Nairobi kupigwa alama za vidole, kama hujapigwa alama ndani ya miezi 59 iliyopita. Ada ya viza tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudi, upate au ukose. Peleka maombi mapema, wanapokea hata miezi 6 kabla. Chini ya siku 15 usijaribu. Ukikosa, unapewa fomu yenye visanduku. Kimoja kinasema hukuthibitisha kwamba una pesa za kutosha. Cha pili kinasema hukuthibitisha kwamba unaweza hata kuzipata kihalali. Hicho cha pili kinauma. Cha kwanza ni ukweli tu, mtu hana. Cha pili ni matusi.

Tuseme umepata. Stika imebandikwa, picha imesambazwa kwenye kundi la familia, mama amepiga vigelegele. Bado. Viza si ruhusa ya kuingia, ni ruhusa ya kwenda kuuliza tena mlangoni. Afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kudai yote upya: hoteli, tiketi ya kurudi, bima, pesa. Anapokea noti, kadi ya benki, barua ya mwenyeji. Noti zikifika yuro 10,000 lazima uzitangaze, lakini hilo kwetu si tatizo la leo. Kadi nayo hakikisha inafanya kazi nje ya nchi kabla hujaondoka, na uwe na yuro mia mbili au tatu za noti mkononi, maana mashine ikikataa mbele ya afisa hakuna jirani wa kukuazima.

Na karatasi ziwe kwenye mkoba wa begani. Narudia, begani. Kwa sababu afisa atauliza, “Utaishi kwa nini hizi siku kumi?” na wewe utajibu kwa ujasiri kwamba kila kitu kipo, kina mihuri, kurasa zote. Kipo kwenye sanduku kubwa, ambalo sasa linazunguka upande wa pili wa ukuta. Maziwa ya mursik uliyaacha nyumbani, vizuri, maana maziwa na nyama haviingii. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo omena ya mjomba imepita salama, na stetimenti iko chini yake.