Jiko la chuma kuvalishwa sweta ya udongo

Julai hii nilienda kwa shemeji yangu Ngong, na mwenye anajua baridi ya kule jioni ananielewa, nikaingia sebuleni nikijua nitaota moto kumbe jiko lenyewe halionekani. Lile jiko lake la kuni la chuma, alilotengenezewa na fundi wa jua kali, amelikandika udongo pande zote na juu, unene wa sentimita 15 hivi, umebaki mlango tu na bomba la moshi limechomoza kama shingo ya mbuni. Nikaweka mkono. Baridi. Hiyo ni saa moja usiku na moto umewashwa saa kumi na mbili. Mamake amekaa pale na leso mabegani, akasema, "Baba Wanja, umevalisha jiko sweta sisi ukatuacha hivi." Tukacheka lakini mzee wa nyumba hakucheka sana, maana hiyo kazi ilimla wikendi tatu.

Sasa tusimhukumu haraka. Huo udongo si ule wa kurushia kwa fito tu, ni ule wa kukandwa na mchanga na nyasi kavu mpaka usimame wenyewe, wazungu wanauita kobu, na kule Devon Uingereza kuna nyumba za aina hiyo zimekaliwa karne na karne. Bei yake ni jasho. Ukipasuka unalowesha unaziba. Halafu una sifa moja chuma haina: unaweka moto akiba. Jiko la chuma likiwaka linachoma sebule nzima, mnafungua dirisha, kuni zikiisha nusu saa baadaye mnatafutana na blanketi. Udongo unameza ule moto unautoa polepole. Na kama kuna watoto wa miaka miwili mitatu wanakimbia humo ndani, chuma iliyo wazi ni mtego, hiyo hata mimi siwezi bishana nayo.

Wengine wanasema udongo unakula kuni. Nilikuwa nasema hivyo pia mpaka nikapiga hesabu. Nusu tani ya udongo mkavu ukitaka kuipandisha joto kwa nyuzi 30 unahitaji kama uniti 4 hivi za stima, na kilo moja ya kuni kavu ina karibu hizo hizo uniti 4 ndani yake. Sema jiko linapoteza nusu kwa bomba, basi ni kilo mbili za kuni, na hata hizo hazijapotea, zinarudi chumbani baadaye. Kwa hivyo hiyo lawama ya kuni tuiache.

Shida iko kwa hilo neno baadaye. Mafundi wa udongo wana kipimo chao cha makadirio kwamba joto linapenya kama sentimita 2.5 kwa saa. Piga sasa ile ya shemeji: sentimita 15, saa sita. Amewasha saa kumi na mbili jioni, ukuta wa nje unaanza kusikia kitu saa sita usiku na watu wote wako chini ya blanketi! Ukiishi mahali baridi haiondoki mchana wala usiku miezi mitano, unawasha kila siku, hilo pengo halikusumbui kwa sababu moto wa jana ndio unaota leo. Lakini Nairobi na viunga vyake si hivyo. Baridi yetu ni Juni mpaka Agosti, usiku inashuka nyuzi 12 hivi, saa sita mchana jua likitoka unavua sweta, na wengi wetu tunawasha jiko siku mbili kwa wiki wageni wakija. Sisi tunataka joto ya haraka, ya saa tatu, tulale. Huko Limuru juu ya mita 2,000 labda hesabu inabadilika kidogo, na mtu wa kuamka saa kumi alfajiri anaweza kufurahia ukuta wenye uvuguvugu, lakini ni lazima awe wa kuwasha kila siku.

Halafu kuna kitu kinanishangaza, kwamba jibu tumekuwa nalo jikoni muda wote. Angalia jiko letu la makaa, lile limekatwa kiuno ambalo limeenea tangu miaka ya 1980. Bati iko nje, udongo uliochomwa uko ndani. Udongo ndio unaokutana na moto, bati inabeba tu na kukinga. Ama lile jiko la kuni la Maendeleo, wengine wanaliita Upesi, chungu cha udongo ndani na matope yamekandikwa kukizunguka, udongo kwa udongo, vinatanuka pamoja vinasinyaa pamoja. Shemeji amegeuza mambo. Chuma yake ndiyo iko ndani na moto, na udongo umeifungia nje isipumue. Jiko la chuma limetengenezwa likijua litamwaga joto kwa hewa, ukilizibia hiyo njia chuma inaiva kupita kiasi, inajipinda, welding inaachia. Na chuma ikipata joto la nyuzi 400 zaidi ya kawaida, kila mita inarefuka karibu milimita 5. Udongo mkavu haurefuki nayo hivyo, unapasuka. Ndivyo nilivyoona: ufa kutoka kona ya mlango umepanda mpaka juu kama radi, mahali pengine shilingi kumi ingeingia imesimama.

Ufa wa nje ni sura tu. Mimi ninaogopa ile ya ndani usiyoiona, pale bomba linapoungana na jiko, kwa sababu likiachia huko nyuma ya udongo moshi unatoka na ile kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, na hapa kwetu tayari watu wanalala na makaa ndani ya nyumba hawaamki.

Kuhusu udongo wenyewe, upande wa Kikuyu na Kiambu mna bahati, ile nyekundu ukiongeza mchanga wa kutosha inafanya kazi. Mtu wa Embakasi asijaribu ile nyeusi ya huko, inavimba ikinyonya maji na ikikauka inafunguka mitaro. Na ukiwa ghorofa ya tatu sahau kabisa, mita moja ya ujazo ni tani moja na nusu kwenda juu.

Kwa hivyo mimi nasema udongo sawa, kufunika chuma hapana. Ukilazimika kufunika, acha nafasi. Kuna mbinu ya kufunga jiko na katoni kabla ya kukandika, katoni inaungua baadaye inaacha uwazi, halafu unatoboa matundu chini na juu hewa ipite. Wale wajenzi wa udongo wa Oregon Marekani, wafuasi wa fundi Ianto Evans, ambao udongo ni kama dini kwao, bomba lao la moshi wanalipitisha ndani ya benchi refu la udongo lakini lile pipa la chuma juu ya moto wanaliacha wazi kwa sehemu kubwa. Pipa linakupa joto ya sasa, benchi joto ya baadaye. Hapo ndipo nilimwambia shemeji, na yeye akaniambia mimi ni mtu wa maneno mengi ambaye hajawahi kanyaga matope.

Juzi amenipigia. Amevunja mbele na juu na ubavu mmoja, upande wa ukutani ameuacha, na alipofika kwa bomba akapata mstari mweusi wa masizi umezunguka ungio lote. Hilo ameita fundi aliunge upya. Sasa anataka kujenga benchi, na mamake amekubali ila ameshampimia urefu na bakora yake, kwa sababu goti halitaki kiti cha chini.